Unasubiri nini? Maneno kuhusu majaribio vigeugeu ya mtandao

Hotuba kwa vijana watengeneza programu, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wangu, vijana wenzangu, na wazazi mliokuja kuwasindikiza watoto, nashukuru kwa kunialika. Wapo humu ndani wanaorudi Wete na Micheweni kwa gari za mwisho, kwa hivyo sitozunguka. Nitazungumzia namba moja tu, ile inayoiambia programu isubiri jibu sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa. Wenyewe tunaiita taimauti, kikomo cha kusubiri. Kila aliyewahi kuandika programu inayozungumza na mtandao ameshaigusa, na wengi wetu tumeigusa usiku, tumechoka, bila ya kujua tunabadilisha nini.

Nilikuwa katika timu iliyotengeneza programu ya kununulia mwani. Hapa Pemba sina haja ya kuueleza mwani. Kilimo chake kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wenu mmesomeshwa kwa fedha zake. Mama anakwenda pwani maji yakitoka, anafunga mbegu kwenye kamba, anavuna, anaanika, na siku ya mzani anajitwisha gunia. Karani anapima, anaandika kilo kwenye simu, simu inapeleka taarifa kwenye seva, seva inarudisha namba ya risiti. Programu yetu kazi yake ilikuwa hiyo.

Siku moja hesabu ya kijiji kimoja ilikataa. Kwenye seva kilo nyingi, ghalani chache. Gunia la kilo 42 limeingia mara mbili, la kilo 37 mara mbili, jina lile lile, dakika ile ile. Karani, kijana wa hapo hapo kijijini, akaitwa aeleze mzigo uliopungua umekwenda wapi. Akasimamishwa kazi wiki mbili. Akina mama aliokuwa akiwapimia, shangazi zake na jirani zake, wakawa wanamtazama kwa jicho jingine. Hakuwa ameiba hata uzi. Kosa lilikuwa letu sisi tuliokaa ofisini Unguja, na linaloniuma mpaka leo ni kwamba majaribio yetu yalikuwa yametuambia miezi miwili kabla, na sisi tukayanyamazisha kwa kupandisha namba.

Nieleze kwa wale ambao bado wapo mwanzo. Programu nzuri huandikwa pamoja na majaribio yake, vijiprogramu vidogo vinavyoikagua kubwa. Sisi tulikuwa nayo karibu mia tatu. Kila mmoja wetu akileta mabadiliko, mashine moja inayaendesha yote. Yakipita, kijani. Likifeli moja, nyekundu, na mabadiliko hayaingii. Sasa katika hayo mia tatu tulikuwa na matatu ambayo mimi nayaita vigeugeu. Asubuhi linapita. Mchana linafeli. Unaliendesha tena, hujagusa herufi, linapita.

Tukafanya wanavyofanya wengi. Taimauti ilikuwa sekunde 2, tukaweka 5. Likafeli tena, tukaweka 10. Mwisho tukaweka 30, na juu yake tukaiambia mashine kwamba jaribio likifeli liendeshwe tena hadi mara tatu, na likipita mara moja tu lihesabiwe limepita. Rangi ikawa kijani, tukapumua.

Ugonjwa huu si wa Zanzibar. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipekua marekebisho 201 ya majaribio vigeugeu kutoka miradi 51 ya Apache, taasisi ya programu huria. Katika yale waliyoweza kujua chanzo chake, asilimia 45 kisa kilikuwa kusubiri: jaribio limeomba kitu kifanyike pembeni, halikungoja sawasawa, likaenda kuangalia mapema. Mwaka 2016 Google nao walisema wazi kuhusu majaribio yao wenyewe. Karibu asilimia 1.5 ya mara zote majaribio yanapoendeshwa hutoa jibu la ukigeugeu, na karibu asilimia 16 ya majaribio yana chembe ya ukigeugeu ndani yake. Lakini iliyonishtua mimi ni namba yao ya tatu. Walipotazama pale ambapo jaribio lilikuwa likipita kisha likaanza kufeli, asilimia 84 ya mabadiliko hayo yalihusisha jaribio kigeugeu. Fikirini mtu anayekaa mbele ya rangi nyekundu kutwa nzima, na nyingi katika nyekundu hizo hazina maana. Ataacha kuziamini. Na siku nyekundu ya kweli ikija, mkono wake utakwenda wenyewe kwenye kitufe cha "endesha tena". Wetu ulikwenda.

Kwa hivyo sikuja kuwaambia msibadilishe taimauti. Mara nyingine kuibadilisha ndiyo dawa. Nimekuja kuwaomba kwamba kabla hujaigusa ujiulize unasubiri nini, na ujibu kwa jina la kitu chenyewe. "Mtandao" peke yake si jibu.

Niwape mfano wa kigeugeu cha kwanza katika vile vitatu, kwa sababu huyu ndiye aliyenifundisha kusoma muda.

Lilikuwa jaribio dogo: programu inaungana na seva bandia iliyomo ndani ya mashine ile ile, inatuma gunia moja, inangoja risiti. Usiku mmoja nilibaki ofisini peke yangu. Nikaacha kusoma ujumbe wa kosa, maana ujumbe ulikuwa ule ule, "muda umekwisha", na haukuwa ukinambia lolote. Nikaipandisha taimauti hadi sekunde 60 kwa makusudi ya kuchungulia tu, nikaliendesha jaribio mara mia tano, nikaandika kila mara limechukua muda gani. Nikazipanga namba.

Nyingi zilikuwa hivi: 0.08, 0.11, 0.09, 0.08. Halafu, kwenye mkia, 5.09, 5.08, 5.11, 5.09.

Hakuna 2. Hakuna 3.7. Hakuna 6. Nikakaa nazitazama. Mtandao mzito haufanyi hivyo. Ukiwa mzito kweli namba zinatapakaa, hii sekunde moja na nusu, hii nne, hii mbili. Namba zikiruka kutoka sifuri hadi tano kamili na kusimama hapo, ujue mahali fulani ndani ya mashine ipo saa nyingine, ya mtu mwingine, na wewe umeisubiri hiyo.

Saa hiyo ilikuwa ya DNS, ule utaratibu wa kugeuza jina la seva kuwa anwani. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha mashine nyingi za seva, maktaba ya msingi ya glibc ikiuliza jina na isipate jibu, kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza tena. Swali lenyewe huenda kwa pakiti, kifurushi kidogo cha data, isiyokuwa na uthibitisho wa kufika. Pakiti moja ikipotea kwenye waya, umekula sekunde 5. Na sisi jaribio letu lilikuwa linaiita seva kwa jina refu la ofisini, kwa hivyo kabla ya kuzungumza na seva iliyomo tumboni mwa mashine yenyewe lilikuwa linatoka nje kwenda kuuliza njia. Tukaweka 127.0.0.1, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe, badala ya jina. Basi. Jaribio halijafeli tena kwa sababu ile, na taimauti tuliirudisha chini.

Mngesema, kama mngeweka sekunde 6 si lingepita? Lingepita. Tungepata jaribio kijani linalopoteza sekunde 5 kila mara chache, na tusingejua hata siku moja kwamba karani aliyesimama kijijini na simu yake, mtandao ukiwa wa kubahatisha, anapoteza sekunde 5 zile zile kwenye kila gunia huku foleni ya akina mama iko juani.

Tangu siku ile nimejifunza kuzijua namba kwa sura. Mkiona muunganisho unakamilika kwa sekunde 1 na kidogo, au 3 na kidogo, au 7 na kidogo, hiyo ni TCP, utaratibu unaofungua muunganisho na kuhakikisha data inafika, imepoteza pakiti ya kufungulia mlango. Linux za kabla ya toleo la 6.5 la mwaka 2023 huituma, zikingoja sekunde 1 bila jibu huituma tena, halafu hungoja 2, halafu 4, kila mara maradufu; za baadaye hurudia kila sekunde 1 mara chache za mwanzo, kisha ndipo huanza maradufu. Zamani kungoja kwa mwanzo kulikuwa sekunde 3. Waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 6298, wa mwaka 2011, ukakushusha hadi 1. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux hizo za kabla ya 6.5 pakiti hiyo hurudiwa mara 6, na mashine haikati tamaa mpaka zipite sekunde 127. Zaidi ya dakika mbili! Kama hukuweka kikomo chako mwenyewe, hicho ndicho kikomo chako, ujue usijue. Mkiona milisekunde 200, hicho ndicho kipimo cha chini ambacho Linux hungoja kabla ya kurudia pakiti kwenye muunganisho uliokwisha kufunguka. Mkiona 40, mara nyingi ni upande wa pili umechelewesha uthibitisho ukitumaini kuutuma pamoja na kitu kingine.

Jambo jingine ambalo huwachanganya vijana ni kudhani taimauti ni moja. Ipo ya kuunganisha, ipo ya kusoma, na ipo ya kazi nzima, na hazifanani hata kidogo. Wale mnaotumia Python na maktaba ya requests, jueni kwamba usipoitaja taimauti, inasubiri bila ya mwisho. Ukiitaja, ile ya kusoma haipimi kazi yote. Inapima ukimya kati ya kipande na kipande. Seva inayodondosha baiti moja kila sekunde, kama mfereji mbovu, haitokivuka kikomo cha sekunde 5 hata ikichukua saa nzima. Nimewahi kuona jaribio lililoganda usiku kucha kwa sababu hiyo, na mwandishi wake ameapa kwamba ameweka taimauti. Alikuwa ameiweka kweli.

Sasa kuhusu kusubiri kwenyewe. Kosa kubwa kuliko yote ni lile la kulala. Msimbo unasema: tuma ombi, lala sekunde 2, halafu angalia kama rekodi imeingia. Huyo ni sawa na mtu aliyeambiwa jahazi la Tanga litafika Wete saa nne. Akaenda bandarini saa nne juu ya alama, akatupa jicho mara moja, hakuliona, akarudi nyumbani kutangaza kwamba limezama. Jahazi limetia nanga saa nne na robo. Na siku ambayo jahazi limefika saa mbili, yeye bado amekaa nyumbani anangoja saa nne, mzigo unaoza.

Mwenye akili anakwenda bandarini na kukaa macho. Tanga likionekana anainuka, hata ikiwa saa mbili. Na amejiwekea kwamba ikifika adhuhuri hajaliona, hapo ndipo atakwenda kuuliza. Ndivyo jaribio linavyotakiwa kusubiri. Lisubiri tukio: seva ilipige begani, au lenyewe lichungulie kila milisekunde 10. Kikomo kiwepo, lakini kiwe kirefu kwa starehe, sekunde 30 ukitaka, kwa sababu jaribio zuri halikifikii kamwe. Linamalizika kwa milisekunde 12 na kuondoka. Urefu ule unaulipia siku ya kufeli tu. Hapa ndipo ninaposema pandisheni namba bila woga, mahali ambapo namba ni ulinzi dhidi ya kuganda na haisemi chochote kuhusu tabia ya programu.

Na mashine ya majaribio si kompyuta yako ya mezani. Inaendesha kazi za watu kumi kwa wakati mmoja. Kitu kinachochukua milisekunde 20 kwako kinaweza kuchukua 900 kule, kwa sababu tu kilikuwa kimesimama foleni kungoja zamu ya kichakataji. Jaribio linalodai "lazima jibu lije chini ya milisekunde 100" linapima msongamano wa mashine.

Sasa kikomo kiwe kiasi gani pale ambapo kinasema kitu kuhusu programu, kama kwenye simu ya karani? Swali hili wakubwa walishalijibu. Mwezi wa Oktoba 1986 intaneti iliporomoka. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, masafa ya yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arubaini. Mojawapo ya sababu ilikuwa saa za kusubiri zilizopangwa vibaya. Mashine zilikuwa hazingoji vya kutosha, zinadhani pakiti imepotea kumbe iko njiani, zinatuma tena, na kule kutuma tena ndiko kunakoziba njia. Mtafiti wa maabara hiyo, Van Jacobson, alieleza dawa yake mwaka 1988. Usipime wastani wa safari peke yake, pima na kuyumba kwake. Kanuni iliyobaki mpaka leo ndani ya TCP ni wastani wa safari, kujumlisha mara nne ya kuyumba.

Wazee wetu wa bahari wangelielewa hilo bila ya kusoma hesabu. Wakati wa kaskazi safari inatabirika, chombo kikichelewa kidogo unaanza kuuliza. Wakati wa kusi, kwenye mkondo wa Nungwi, chombo kinaweza kufika mapema leo na kuchelewa sana kesho, na mke wa nahodha hatangazi msiba kwa saa mbili za kuchelewa. Chombo kile kile, safari ile ile, lakini kiasi cha kungoja kimebadilika kwa sababu kuyumba kumebadilika. Kwa hivyo ukitaka namba ya simu ya karani, usikae ofisini Unguja penye mtandao mzuri ukaikisia. Nenda Makangale, nenda Kiuyu, chukua simu ya bei ndogo kama yao, tuma maombi mia mbili asubuhi na mia mbili jioni, tazama mkia wake. Sisi tulikwenda baada ya mambo kuharibika. Ilitakiwa twende kabla.

Nipite haraka kwenye kigeugeu cha pili, maana huyu hana fumbo. Jaribio lilikuwa linaipigia seva ya kweli iliyoko Ulaya. Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kilomita 7,000 kwenda na 7,000 kurudi ni milisekunde 70 kwa uchache, hata kebo ingenyooka kama uzi, nayo hainyooki. Hilo lingevumilika. Lakini mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini huko kusini na nchi nzima ikahangaika. Jaribio letu linalovuka bahari lilifeli siku ile, na programu ilikuwa haina kosa. Hakuna taimauti inayoponya kebo iliyokatika. Jaribio la kila siku liseme na seva bandia iliyomo ndani ya mashine, na seva hiyo iombe mfumo uipe poti, yaani namba ya mlango wa kupokelea maombi, yoyote iliyo wazi kwa kutaja poti 0, isije ikagombania poti moja na jaribio jirani. La kuvuka bahari liwepo, lakini liendeshwe pembeni, lisimfungie mtu mlango.

Sasa nirudi kwa kigeugeu cha tatu, ambacho ndicho kilichompeleka yule kijana mbele ya wakubwa.

Jaribio lilisema hivi: tuma gunia moja, kisha hesabu rekodi kwenye seva, ziwe 1. Na lilipofeli, ujumbe wake ulikuwa tofauti na wa wenzake. Haukusema muda umekwisha. Ulisema: nilitarajia 1, nimepata 2.

Naomba muusikie tena. Nilitarajia 1, nimepata 2. Tuliusoma sote. Mmoja akasema, "Mashine imechoka leo," na sisi tukakubali, kwa sababu ni kweli kwamba lilikuwa linafeli pale tu mashine inapochoka. Tukalitia kwenye kapu moja na yale mengine mawili na kulipandishia namba.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Programu inatuma gunia. Seva inalipokea, inaliandika, inaanza kujibu. Mashine imeelemewa, jibu linachelewa, taimauti inakatika. Programu inasema, aa, halikufika, inalituma tena. Seva inaandika la pili. Taimauti haikwambii kwamba ombi halikufika. Inakwambia kwamba hukusikia jibu, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Ukimpigia mtu simu umwambie "nipe mchele kilo mbili" na simu ikakatika kabla hajasema ndiyo, huna haki ya kudhani hakusikia. Ukipiga tena useme vile vile, usishangae ukiletewa kilo nne.

Tulipoweka sekunde 30 kwenye majaribio, jibu halikuchelewa kiasi hicho tena, kwa hivyo programu haikurudia, kwa hivyo rekodi ikawa 1, kwa hivyo kijani. Kwenye simu za makarani namba ilikuwa mpangilio mwingine, ilibaki 5. Na huko mtandao unachelewa kila siku. Tulilitibu jaribio, ugonjwa tukaupeleka kijijini.

Dawa haikuwa na namba yoyote ya sekunde ndani yake. Simu sasa inalipa kila gunia alama yake ya pekee kabla ya kulituma, na ikirudia inarudia na alama ile ile. Seva ikiiona alama inayoijua haiandiki tena. Inarudisha risiti ya mwanzo. Na jaribio tuliliandika upya. Hatungoji tena bahati ya mashine kuchoka. Seva bandia inalipokea gunia, inaliandika, halafu inakata muunganisho makusudi bila ya kujibu. Programu inarudia. Rekodi ziwe 1. Linamalizika kabla hujapepesa jicho, na linafeli kila mara ukiiondoa alama. Kila mara, hata iwe saa nane ya usiku au mchana wa Jumatatu.

Wale mtakaolazimika kuijaribu taimauti yenyewe, kwamba programu inakata tamaa inavyotakiwa, nina mawili. Kwanza, msielekeze programu kwenye anwani ya mbali mnayodhani haina mtu. Hata zile zilizotengwa kwa mifano, kama 192.0.2.1, tabia yake hutegemea mtandao uliopo. Mtandao mmoja huzimeza pakiti kimya kimya, mwingine hukurudishia papo hapo kwamba hapafikiki, na jaribio lako litapita kwako na kufeli kwa mwenzako. Fungueni seva yenu wenyewe inayopokea na kunyamaza. Pili, muda upimwe kwa saa ya mashine isiyorudi nyuma. Saa ya tarehe husogezwa, khasa umeme ukikatika na kurudi, na nimeshaona jaribio limechukua sekunde hasi tatu. Bora zaidi, ipeni programu saa bandia mnayoisogeza wenyewe, mkatumia dakika mbili za programu ndani ya milisekunde moja ya kwenu.

Yule kijana alirudishwa kazini. Nilikwenda mwenyewe siku ya mzani, nikasimama mbele ya akina mama nikaeleza kwamba gunia liliandikwa mara mbili na mashine, na mashine iliandika hivyo kwa sababu sisi hatukusikiliza. Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo mashine mmeiuliza?" Nikamwambia ilikuwa inatuambia yenyewe. Akanyamaza akanitazama.

Katika programu ile, pembeni ya kila taimauti leo pana maelezo. Niwasomee moja kama lilivyo: "Sekunde 12. DNS ikipoteza pakiti moja inakula 5, kufungua mlango pakiti mbili zikipotea inakula 3, jibu kwenye mkia wa vipimo vya Makangale ni 2, mbili za ziada. Ukibadilisha, andika ulichopima na wapi." Mstari huo umeshazuia mikono miwili ninayoijua, na mmoja ni wangu.

Kompyuta yangu iko pale mezani karibu na dirisha. Nimeweka seva bandia mbili, moja ina alama na moja haina, na kwa amri ya tc ya Linux naweza kuchelewesha pakiti au kupoteza moja katika kila hamsini. Bado tuna kama nusu saa kabla ya adhana. Atakayependa aje atume gunia, azitazame rekodi, na kama kuna mwenye kigeugeu chake kwenye laptopu alilete tuzipange namba zake pamoja.